Usizime Kompyuta Yako

Mwezi wa saba mwaka 2015 watu wa Lubumbashi walibadilishiwa mambo mawili kwa mpigo, na hakuna aliyewauliza. La kwanza lilitoka Kinshasa: Katanga, jimbo kubwa kuliko Ujerumani, lilikatwa vipande vinne, yaani Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Lubumbashi ikabaki makao makuu, ila ya kipande kimoja tu. La pili lilitoka Redmond, kwenye jimbo la Washington huko Marekani. Tarehe 29 ya mwezi huo kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 10 na kutangaza kwamba kila mwenye Windows 7 au 8.1 atapewa bure kwa mwaka mzima.

Hilo la kwanza wazee walilipokea kama watu wazoefu. Aliyezaliwa hapa mwaka 1950 alizaliwa Élisabethville. Mwaka 1966 mji ukaitwa Lubumbashi. Mwezi wa kumi 1971 akaamka raia wa Zaire, na mwaka uliofuata Katanga yake ikawa Shaba, na jina lake la ubatizo likaondolewa kwenye karatasi za serikali. Krismasi ya 1979 noti za zaire 5 na 10 alizokuwa amezificha chini ya godoro zilifutwa kwa tangazo la redio, naye akapewa siku chache tu za kupanga foleni benki. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilifanywa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikafanywa faranga 1. Katikati ya hayo, 1997, nchi ilirudia jina la Kongo na jimbo likarudia Katanga. Kila mara wakubwa walisema kipya ni bora kuliko cha zamani, pengine kweli. Lakini nauli ya kuhama ililipwa kila mara na yule anayehamishwa: picha mpya za pasipoti, mihuri mipya, siku ya kazi iliyopotea dirishani kwa karani.

Jambo la pili, la Redmond, halikutangazwa redioni. Lilikuja kama kialama cheupe pembeni mwa saa ya kompyuta, chini kulia.

Ili kuelewa kwa nini kialama kile kilileta ugomvi, inabidi kujua kompyuta za mji huu zilikuwa zikiishi vipi. Lubumbashi ni jina la mji, na pia ni jina la komini yake ya katikati, moja kati ya saba. Nyingine ni Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Komini ya Lubumbashi ndiyo yenye posta, mabenki, kanisa kuu la Petro na Paulo, mahakama, na barabara kama Mama Yemo na Kasaï ambako kila baada ya milango michache kuna mtu anaandika barua za watu kwa malipo. Kazi yake inaitwa sekretaria ya umma. Anayo kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya fotokopi, rimu ya karatasi iliyofunguliwa nusu, na waya mrefu unaotoka dukani kwa jirani. Wateja wake ni wenye barua za kuomba kazi, wenye mikataba ya viwanja, na zaidi ya wote wanafunzi wa chuo kikuu cha UNILU, wanaokuja na kurasa za mkono au flashi kuchapisha TFC, ile kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa masomo. Bila TFC hakuna shahada, na tarehe ya mwisho ya kuiweka mezani kwa profesa haisogei.

Kompyuta hizo kwa kawaida hazikuwa mpya. Zilikuwa zimeshafanya kazi katika ofisi za watu wengine, mbali, kabla ya kuingia kwa lori kupitia Kasumbalesa kutoka upande wa Zambia. Windows iliyokuwa ndani nayo haikuwa na karatasi. Fundi aliiingiza kutoka kwenye CD yenye maandishi ya kalamu ya wino, na namba ya leseni ilikuwa ile ile kwa mtaa mzima. Si jambo la kujivunia, ila leseni halali ilikuwa na bei ya dola, na bei hiyo ilipangwa na watu wasiojua mshahara wa mwalimu wa Katuba.

Hapo ndipo uadui na masasisho ulipoanza, miaka kumi kabla ya Windows 10. Microsoft ilianza mwaka 2005 kukagua uhalali wa nakala za Windows XP kwa programu iliyoingia kwa njia ile ile ya masasisho ya usalama. Mwaka 2008 ikakaza: nakala ya XP Professional isiyo halali iligeuza picha ya nyuma ya skrini kuwa nyeusi, na ukiirudisha inageuka tena baada ya dakika 60. China ilipiga kelele kuliko nchi nyingine zote. Hapa kwetu mafundi hawakupiga kelele. Walifanya jambo moja tu. Kila walipoingiza Windows, kazi ya kwanza kabla hata ya kuweka Word ilikuwa kuingia kwenye mipangilio na kuzima masasisho ya kujiendesha. Mteja aliambiwa asiguse hapo. Kizazi kizima cha watumiaji kikafundishwa kwamba sasisho ni mpelelezi.

Adhabu ya kuzima haikuchelewa. Tarehe 23 mwezi wa kumi 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja baya la Windows. Mwezi uliofuata kirusi kilichoitwa Conficker kikaanza kulipitia tundu hilo, na baadaye kikajifunza kusafiri kwa flashi. Mji ambao faili zake husafiri mfukoni, kutoka kampasi ya Kasapa hadi mjini na kurudi, ulikuwa umekitandikia kitanda. Baada yake vikaja vingine vilivyoficha mafolda yote ya flashi na kuacha njia za mkato tupu. Mwanafunzi alifungua flashi yake mbele ya karani wa sekretaria na kukuta TFC yake imekuwa vialama vidogo visivyofunguka. Dawa ya mtaani ilikuwa Avast, au Smadav, programu ndogo kutoka Indonesia iliyopendwa Afrika kwa sababu ni nyepesi na haidai intaneti kila saa. Kwa hiyo, kwa miaka mingi kabla ya 2015, kompyuta ya Lubumbashi ilikuwa imefungiwa mlango wa Microsoft na kuachiwa wazi mlango wa flashi.

XP yenyewe ilikatwa msaada tarehe 8 mwezi wa nne 2014, ikiwa na umri wa miaka 12 na ushee. Wengi walihamia Windows 7, na kwa mara ya kwanza wakapatikana watu mjini wenye nakala halali, kwa sababu walinunua laptopu iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Hao ndio walioangukiwa na zawadi.

Kialama kile kilianza kuonekana hata kabla ya Windows 10 yenyewe kutoka. Kiliingia kwa sasisho lililopewa namba KB3035583, likapangwa pamoja na masasisho mengine kana kwamba ni la usalama, na kazi yake ilikuwa moja: kumwalika mwenye mashine ahamie Windows 10. Ukikiondoa kinarudi. Mwezi wa tisa ikajulikana, na Microsoft ikakiri, kwamba kompyuta zilikuwa zikishusha faili zote za Windows 10 hata kwa mtu ambaye hakuitika mwaliko, ziwe tayari endapo atabadili mawazo. Faili hizo zilikuwa kati ya giga 3.5 na 6, zikawekwa katika folda iliyofichwa.

Mtu wa Brussels aliyeunganishwa kwa waya kwa bei moja kila mwezi angeweza asijue kabisa. Mtu wa Lubumbashi alijua siku hiyo hiyo. Intaneti ya mji huu, kwa karibu kila mtu asiye kampuni ya madini au benki, ni simu: unanunua mega, unafungua simu iwe kituo, laptopu inanyonya humo. Anayenunua mega 100 kwa siku anahitaji siku 35 za kununua ili kufikisha giga 3.5, na siku 60 kufikisha 6. Laptopu haikujua hayo. Iliona Wi-Fi, ikadhani ni ile isiyokwisha, ikaanza kushusha. Mwenye nayo alikuwa anataka kutuma barua pepe moja yenye kurasa nne kwa msimamizi wake wa masomo. Kabla barua haijaondoka, ujumbe wa kampuni ya simu ulishaingia kusema kifurushi kimekwisha. Msemo wa mtaani ulikuwa mfupi: mashini iko nakula mega. Wengi walianza kwa kulaumu kampuni za simu kwamba zinaiba, na haikuwa lawama ya kipuuzi kwa historia ya biashara hiyo, ila safari hii mwizi alikuwa ndani ya begi lao.

Waliofika hadi Windows 10 yenyewe walikuta jambo jingine. Toleo hilo lilikuja likiwa na mpango wa kompyuta kugawana vipande vya masasisho, na kwa mwenye aina ya Home au Pro mpango huo ulikuwa umewashwa tangu mwanzo, si kwa majirani wa chumba kimoja tu bali pia kwa kompyuta za watu wasiojulikana kwenye intaneti. Maana yake ni kwamba mashine yako, ikishamaliza kushusha, ilipakia vipande kwa wengine. Kuuzima ilibidi uujue, na kuujua ilibidi ufungue dirisha la tatu ndani ya dirisha la pili. Kulikuwa pia na swichi ya kuiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na ukiibonyeza mashine inatulia. Swichi hiyo ikawa ndiyo maarifa yaliyosambaa haraka kuliko yote. Fundi wa mtaani aliibonyeza bila hata kuulizwa, kama alivyozima masasisho ya XP. Ila iliwekwa kwa kila mtandao peke yake. Ukiazima simu ya ndugu yako leo, laptopu inaiona simu mpya, na inaanza upya.

Mega zilikuwa nusu ya shida. Nusu nyingine ilikuwa umeme.

Katanga hupata umeme wake kutoka mabwawa ya Nzilo, Nseke, Koni na Mwadingusha, na kutoka Inga, mbali upande wa magharibi, kwa waya wa kilomita 1,700 hivi uliofika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Migodi hunywa kwanza. Mji hupata kinachobaki, kwa zamu, na zamu ya shirika la umeme la SNEL haina ratiba ambayo mtu anaweza kuibandika ukutani akaiamini. Kompyuta ya mezani ya sekretaria haina betri. Laptopu ya mtumba ina betri iliyokufa zamani. Ukichomoa waya inazimika papo hapo. Mwenye uwezo ana jenereta ndogo ya petroli mlangoni, lakini kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka kuna dakika kadhaa, na dakika moja inatosha.

Sasa mtazame karani wa sekretaria saa nne asubuhi. Mezani kuna mwanafunzi mwenye TFC ya kurasa 60, bado jalada na yaliyomo. Karani anawasha mashine. Skrini inakuwa ya bluu, vidoa vinazunguka, na kwa Kifaransa inaandika kwamba inashughulikia masasisho, imefikia asilimia 35, usizime kompyuta yako.

"Yaya, iko nafanya nini?"

"Iko najipanga yeye moya. Tungoje tu."

Hakuna kitufe cha kusema subiri jioni. Hakuna dalili itachukua dakika ngapi. Namba inakaa 35 mpaka mtu anaanza kuamini imekwama. Foleni nyuma ya mwanafunzi inarefuka, mmoja anaondoka kwenda kwa jirani ambaye bado ana Windows 7. Karani anatazama balbu iliyo juu ya fotokopi, maana hiyo ndiyo inayomwambia SNEL wako vipi. Ikizimika sasa, mashine itakata katikati ya kubadilisha faili zake. Bahati ikiwepo, itajirudisha ilikotoka kwa nusu saa nyingine. Bahati isipokuwepo, itawaka kwenye skrini nyeusi yenye mstari mmoja wa makosa, na ndipo ataitwa fundi, naye atauliza swali linaloogopwa kuliko yote: ulikuwa na kopi?

Aliyeandika "usizime kompyuta yako" hakuwa na nia mbaya. Hakuwahi tu kufikiri kwamba anayeizima anaweza asiwe mwenye kompyuta.

Mwaka 2016 Redmond ilizidi kusukuma. Tarehe 1 mwezi wa pili Windows 10 ilipandishwa daraja na kuwa sasisho "linalopendekezwa", maana yake kwa mashine nyingi ni kwamba lingeanza lenyewe. Kisha mwezi wa tano likaja lile ambalo mpaka leo mafundi hulisimulia. Kwa miaka zaidi ya 20 alama ya X kwenye kona ya dirisha ilikuwa na kazi moja, kufunga. Katika dirisha jipya la mwaliko, kubonyeza X kulihesabiwa kuwa umekubali tarehe iliyopangwa. Watu walifunga dirisha, wakaendelea na kazi zao, na siku ikafika mashine ikajibadilisha. Hata bosi wa masoko wa Microsoft, Chris Capossela, alikiri mwishoni mwa mwaka ule kwamba katika hilo walivuka mpaka. Nadhani ni ungamo dogo kwa kosa kubwa. Ukimfundisha mtu kwa miaka 20 kwamba hapana iko pembeni juu kulia, halafu siku moja ukaigeuza kuwa ndiyo bila kumwambia, hasira yake si ya teknolojia tena.

Si Lubumbashi peke yake iliyolalamika, na itakuwa ajabu kudhani hivyo. Huko Sausalito, California, mwenye ofisi ya usafiri aitwaye Teri Goldstein alisema kompyuta yake ya kazi ilijibadilisha bila idhini, ikawa nzito na kuanguka kila mara. Alishtaki, akapewa dola 10,000, na mwaka 2016 Microsoft ikaacha kukata rufaa. Ujerumani, kituo cha kutetea wateja cha Baden-Württemberg kiliifikisha kampuni mahakamani kwa ajili ya zile giga zilizoshushwa kwa siri, na mwaka 2017 kampuni ikaahidi kutofanya tena bila ruhusa. Karibu zaidi na sisi, kaskazini tu ya mpaka wa Kongo, katika hifadhi ya Chinko kwenye Jamhuri ya Afrika ya Kati, wahifadhi wanaopambana na majangili wenye bunduki walikuta laptopu zao zikishusha giga 6 kwa intaneti ya setilaiti, inayolipiwa kwa kila kipande, kwenye kambi ambako kompyuta ndizo zinazoongoza askari wa wanyama porini. Malalamiko yao yalienea dunia nzima mwezi wa sita 2016. Ya karani wa barabara ya Kasaï hayakuenea popote, kwa kuwa hakujua yapelekwe wapi. Mjini hakukuwa na dirisha la Microsoft la kwenda kugonga.

Basi watu walijitetea kwa walichokuwa nacho. Wengine walirudi Windows 7 ndani ya siku 30 zilizoruhusiwa. Wengine waliizima kabisa huduma ya masasisho kutoka ndani, ikijiwasha wakaizima tena. Wengine walitengeneza mashine mbili: moja haiunganishwi kamwe, ndiyo ya kuchapia, na nyingine ya intaneti, iachwe ijifanyie inavyotaka. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiona kuwa na busara kuliko zote, ingawa ni ya mwenye hela ya mashine mbili.

Lakini nisiwapambe mno wanaokataa. Tarehe 12 mwezi wa tano 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa siku moja, kikafunga faili na kudai fidia, kikasimamisha hospitali za Uingereza. Tundu kililopitia lilikuwa limezibwa na sasisho la tarehe 14 mwezi wa tatu, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wamesasisha, wengi wao wakiwa na Windows 7. Microsoft ililazimika kutoa kiraka hata kwa XP, marehemu wa miaka mitatu. Redmond walikuwa na haki ya kusema: tazameni, ndiyo maana tunawalazimisha. Kuhusu ugonjwa hawakukosea. Walichokosea ni kudhani kwamba dawa ni bure kwa kuwa wao hawaiuzi. Kiraka cha tundu moja kingeweza kuwa na mega chache. Ila kwa njia hiyo hiyo ya viraka walisukuma toleo zima, michezo, matangazo na msaidizi wa sauti asiyejua Kiswahili, mpaka mtu akafunga mlango wote na kubaki mgonjwa.

Mpaka toleo la mwezi wa tano 2019 ndipo mwenye Windows 10 Home alipopewa kitufe cha kusimamisha masasisho, siku 7 kwa 7, mwisho 35. Miezi michache kabla yake Kongo ilikuwa imepewa usimamishaji wa aina nyingine: kuanzia tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu siku 20. Sekretaria zilichapa kwa utulivu. Iliporudi, kila mashine iliyokuwa imesubiri ilikumbuka deni lake kwa wakati mmoja.

Na aliyeponea Redmond hakuponea Kinshasa. Mwezi wa tisa 2020 ilianzishwa RAM, daftari la serikali la kuandikisha simu, na malipo yake yalikatwa moja kwa moja kwenye yuniti za mtu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa 3G na 4G. Uliweka yuniti, ukazikuta zimepungua, ukaambiwa ni kwa faida yako, simu yako sasa inalindwa dhidi ya wezi. Watu walipiga kelele mpaka bungeni, na mwezi wa tatu 2022 makato yakasimama. Simjui mtu aliyerudishiwa chake. Ninaitaja kwa sababu waliokuwa wakibishana nayo kwenye vibanda vya yuniti ni wale wale waliokuwa wakibishana na laptopu, na waliyasema mambo hayo mawili kwa pumzi moja.

Tarehe 5 mwezi wa kumi 2021 ilitoka Windows 11, na hapa mambo yalipinduka. Toleo hili halikumlazimisha mtu aingie, lilimzuia mlangoni. Linataka kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu, yaani takriban kuanzia 2017 au 2018. Karibu kila laptopu ya mtumba iliyokuwa kwenye meza za Mama Yemo wakati huo ilikuwa ya zamani kuliko hapo. Lazima yenyewe ikahamia kwenye tarehe: Windows 10 ikapangiwa kufa 14 mwezi wa kumi 2025. Wachambuzi wa Canalys walikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingeweza kuishia jalalani kwa sababu hiyo.

Jalala hilo lina njia za kuelekea huku, na kuna kichekesho ndani yake ambacho mtu wa Lubumbashi anakiona bila miwani. Ukitoka katikati ya mji kuelekea reli, kuna bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima mweusi kando yake, terili, taka za shaba iliyoyeyushwa hapo tangu 1911. Wazungu wa Union Minière, kampuni iliyoitangulia Gécamines, waliona ni taka. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni kiwanda cha STL kilianza kuumega mlima huo na kuuyeyusha tena, maana ndani yake kulikuwa na kobalti, na kobalti hiyo ikasafirishwa hadi Kokkola, Finland, kusafishwa. Kobalti ndiyo inayoingia kwenye betri za simu na laptopu. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na karibu yote hutoka ukanda huu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kila kompyuta nzima inayoambiwa imezeeka kwa tarehe ni oda mpya kwa machimbo ya Lualaba. Mtu anaweza kusema basi ni neema, ajira hizo. Aseme, ila kwanza apite kando ya lori za madini zilizopanga foleni Kasumbalesa zikitoka, na atafute ni laptopu mpya ngapi zinazoingia kwa upande wa pili.

Tarehe ilipokaribia, Microsoft ilifungua dirisha dogo: mwaka mmoja zaidi wa viraka vya usalama, hadi mwezi wa kumi 2026, kwa dola 30, au bila fedha ukikubali kuingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yako kwenye wingu lao, au ukilipa kwa pointi 1,000 za zawadi zao. Watetezi wa wateja wa Ulaya waligomba, na mwezi wa tisa 2025 kampuni ikaregeza: wakazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya wapewe mwaka huo bure, bila sharti la kuhifadhi chochote kwenye wingu. Marekani haikuregezewa. Kongo haikutajwa.

Kwa hiyo sasa, kwenye meza za mafundi wa komini ya Lubumbashi, kuna njia nne, na fundi anakusomea kama menyu. Unaweza kuingia kwa akaunti na kubaki Windows 10 mpaka mwezi wa kumi 2026, na mega za kuhifadhi kwenye wingu unalipa wewe. Unaweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyoitaka, kwa kubadilisha mistari michache kwenye rejista kabla ukaguzi haujaanza. Inaingia, ila Microsoft haiahidi kuendelea kuipa masasisho, jambo ambalo mteja mmoja mmoja hulipokea kwa furaha. Unaweza kuwekewa Linux, ambayo ni bure, unaweza kuipanga ikuulize kabla ya kusasisha na inakubali ukisema hapana, lakini mwanafunzi atakuja na TFC iliyopangwa kwa Word na kurasa zitasogea. Au unaacha kama ilivyo. Karani anayechapa kwenye mashine isiyounganishwa haulizi hata swali. Yeye anataka tu kujua bei ya tona imepanda kwa kiasi gani.